Walinzi wa Ngao ya Taifa

Katika kivuko cha kutoka kisiwa cha Heimaey kwenda Iceland bara, mbele yangu waliketi wawili waliojuana asubuhi ile: Hafliði, mchongaji, aliyepakata kichwa cha joka cha mashua ya maonyesho, na Bi Steinvör.

“Kifunike, baba,” alisema Bi Steinvör. “Tangu kale, chombo hakisogelei nchi kikiwa kimeachama kinywa. Utawashtua pepo walinzi wa nchi.”

“Wale wanne wa ngao ya taifa? Fahali, tai, joka na jitu? Mbona wamo kwenye sarafu, nawatoa mfukoni kila ninaponunua kahawa, bibi?”

“Wewe watoe. Mwanangu leo anavua chini ya majabali yao.”

“Na joka ni mmoja wao. Atamwogopa ndugu yake?”

“Hata ndugu hapigi hodi kwa meno.”

Hafliði alicheka kwa sauti ambayo sisi wa kisiwani tulifunzwa kuiacha nyumbani tunapoingia baharini. Ndipo ukungu ulipofunguka, mlima wa bara uliofunikwa barafu ukasimama juu yetu. Hafliði alivua sweta polepole, akakifunika kile kichwa.

“Naogopa chumvi itaharibu rangi,” alisema, huku akitetemeka.

“Ndiyo, chumvi ni mbaya,” alijibu Bi Steinvör, akamsaidia kufunga mikono ya sweta, na kivuko kikagusa gati.