Sista Auleria na Sare Kumi na Moja za Zambarau

Tarehe 31 Julai mwaka huu, Muuguzi Auleria Kokushubira anastaafu baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi. Ishirini na saba aliitumia katika vituo vya afya vya Temeke, akichanja watoto. Tisa ameitumia hapa Tegeta, katika kliniki yetu ya sindano za kupunguza mafuta mwilini. Mwenyewe husema kazi ni ileile, ila wateja wa sasa wanalia zaidi.

Kabla ya kuchoma, humsomea mteja maandishi yaliyo kwenye kichupa, jina la dawa na tarehe ya mwisho wa matumizi, kisha humpa mteja naye asome. Asiyeona vizuri huazimwa miwani ya Sista. Asiyetaka kusoma hurudi nyumbani.

Hata hivyo, sifa ya kliniki hii ilitokana na siku aliyokataa kuchoma sindano. Ulikuwa mwezi wetu wa pili. Wateja hawakuwapo, na Daktari Tusajigwe, mwenye kliniki, alikwisha kututangazia kwamba hali isipobadilika angefunga mwisho wa mwezi. Ndipo wakaingia wanawake kumi na mmoja wa kamati ya harusi, wakiongozwa na Bi Mwanabaraka, mama wa bwana harusi. Walikuwa wameshona sare za zambarau, na kila mmoja alimpa fundi vipimo vya mwili alioutarajia, si vya mwili aliokuwa nao. Zipu zilikataa kufunga. Harusi ilikuwa baada ya siku tisa.

Daktari, kwa furaha, aliagiza dawa itayarishwe. Auleria hakuligusa friji. Aliwaeleza wote kwamba sindano hiyo ni ya mafuta ya sehemu ndogo, kama chini ya kidevu. Kwamba kwanza huvimbisha, na nafuu huonekana baada ya wiki nyingi. Wangeingia ukumbini wamevimba, na picha zingebaki.

“Sista, tumekuja kuchomwa, hatukuja kuhutubiwa,” alisema Bi Mwanabaraka.

Auleria aliomba aoneshwe gauni moja, akaligeuza ndani nje, kisha akamwita fundi wa jirani. Kitambaa cha zambarau kilikuwa kimekwisha madukani, hivyo akashauri kila sare iongezwe kipande cheusi kila ubavu. Walipoondoka, Daktari alimwambia kwamba amefukuza wateja wote wa mwezi, na kwamba kliniki ikifungwa, Auleria ndiye atakayetangulia kutoka mlangoni.

Wanawake kumi walimtii. Wa kumi na moja, Bi Rukaiya, shangazi wa bwana harusi, alikwenda kuchomwa kwingine. Siku ya harusi alicheza huku amejifunga mtandio kidevuni, amevimba kama mwenye matubwitubwi. Kwa heshima yake lazima isemwe kwamba hakumficha aliyemwonya; alimtaja kila meza.

Wiki iliyofuata benchi la mapokezi halikutosha. Daktari alimwomba Auleria radhi mbele ya wafanyakazi wote, akabandika ukutani agizo linalosomeka hadi leo: hakuna sindano ndani ya wiki sita kabla ya sherehe. Kwa miaka tisa, hakuna mteja hata mmoja wa Auleria aliyerudi na jipu. Wauguzi sita aliowafundisha sasa husoma kichupa kwa sauti yake na ukali wake.

Kamati ya Bi Mwanabaraka imeomba kuhudhuria hafla ya kumuaga. Wametuarifu kwamba watavaa zilezile za zambarau, na vipande vyeusi havitafichwa. Bi Rukaiya, ambaye gauni lake halikuwahi kuongezwa, amelipeleka kwa fundi wiki iliyopita.

Sista Auleria, tunakushukuru kwa kazi uliyofanya, na zaidi kwa ile uliyokataa kuifanya. Nenda Kigamboni ukapumzike katika nyumba yako. Tunakuombea siku ndefu, zenye afya, na zenye nafasi ya kutosha kila ubavu.