Afande Fadhul na Gari Lililongojwa Miaka Kumi na Moja

Jumanne hii, tarehe 30 Juni 1998, Bwana Fadhul Abdu anatimiza miaka thelathini katika Shirika letu la Visima vya Mashariki na kurudisha funguo za gari. Aliajiriwa Jinja tarehe 1 Julai 1968 kama dereva wa pili. Dereva wa kwanza aliacha kazi mwaka uleule, na hajapatikana mwingine tangu hapo, maana hakuna aliyeweza kukaa kando ya Fadhul bila kufundishwa namna ya kukaa.

Sote tunamwita Afande, ingawa askari hajawahi kuwa. Askari alikuwa babu yake, mmoja wa wale Wanubi waliotoka Sudani na jeshi la Waingereza wakabaki huku. Fadhul alirithi mgongo ulionyooka na sauti ya gwaride, basi. Mimi ni Milly Khainza, mpiga taipu wa ofisi ya Mbale. Nimepewa kazi ya kuandika haya kwa sababu ndimi niliyempigia taipu ripoti zake kumi na moja za magari, na mkurugenzi wetu, Bwana Wamboga, anasema aliyevumilia zile hatashindwa na hii.

Huwezi kumweleza Afande bila kuieleza Landrova yake ya kijani, aliyokabidhiwa ikiwa mpya mwaka 1970. Vita vilipofika Jinja, Aprili 1979, askari waliokuwa wakikimbia walichukua kila chenye magurudumu, hata mkokoteni wa muuza maji. Mugweri, mtunza stoo wetu na jirani yake Afande kule Bugembe, nje kidogo ya Jinja, akaja na masanduku mawili ya spana. Kwa siku mbili, mchana kweupe, nyuma ya nyumba, wakaifungua Landrova nati kwa nati. Milango ikaenda kufunga banda la mbuzi. Boneti ikaanikiwa muhogo. Injini ikalala shambani kwa mama yake Mugweri, chini ya majani makavu ya migomba. Fremu ya chini ikalazwa juu ya mtaro, ikapigiliwa mbao, ikawa daraja. Askari walipofika kuuliza kama kuna gari, walivuka juu yake, wakaambiwa hakuna, wakavuka tena kurudi. Mugweri anaapa kwamba mmoja wao alilisifu lile daraja.

Askari wakaenda zao, lakini kwa Afande hatari ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Sasa walitafutwa Wanubi, kwa kuwa walihesabiwa kuwa watu wa serikali iliyoangushwa, hata yule ambaye silaha yake pekee ilikuwa spana. Nalisema wazi kwa sababu tunapenda kulisahau: walikuwepo watu waliouawa kwa jina tu. Mugweri akamtoa Afande na mkewe Kadija chini ya magunia kwenye lori, akawapeleka Busiu kwa dada yake. Wakakaa miaka miwili wakilima. Kadija husema mistari ya mahindi ya mumewe ilinyooka ajabu, ila haukuota mche hata mmoja, kwa kuwa alifukia mbegu kama anayezika mtu.

Walirudi mwaka 1981. Afande akachukua gunia akapita nyumba kwa nyumba Bugembe, na kila mtu akatoa alichokuwa nacho. Mama mmoja aliiosha boneti kwa sabuni kwanza. Hebu fikiria: wakati huo chumvi yenyewe ilikuwa taabu kupatikana, spea zilisakwa kama dawa, na hakuna aliyeuza hata nati! Kilichokosekana ni honi peke yake. Tangu siku hiyo Afande hutoa kichwa dirishani na kupaza sauti mwenyewe, "Pisha, bwana, pisha!" Kuku wote wa barabara ya Tororo wanamjua.

Mwaka huohuo akahamishiwa Mbale, mahali pa milima na matope. Mwaka 1987, nchi ikijengwa upya, wafadhili wakatuahidi gari jipya la milimani, na Afande ndiye achague. Barua yao ilikuwa na sharti moja mwishoni: siku jipya litakapoingia, la zamani livunjwe vipande, lisionekane tena ofisini. Sisi tulishangilia tukaisahau aya ile. Afande hakuisahau.

Akaanza kupima magari. Kipimo chake kilikuwa birika la Kadija: lijazwe chai pomoni, liwekwe kiti cha nyuma, litoke Nkoma hapa mjini lipande mpaka Budadiri mlimani, kisha chai iliyobaki ihesabiwe kwa vikombe. Gari la Kijapani lilibakiza vikombe vinne. Akaandika kwamba viti vyake ni laini mno, dereva atasinzia. La Kiingereza lilibakiza vitatu. Hilo, aliandika, lina adabu kupita kiasi, likiona tope linasita. La Kihindi lilibakiza kimoja, akalilaumu hata kwa hicho kimoja, eti kimepoa. Siku moja nikamuuliza Landrova ilibakiza vikombe vingapi. Akanitazama kama niliyemtukania mama, akanijibu kwamba Landrova haipimwi, inaijua njia.

Kila ripoti iliishia palepale, nami ningeweza kuipiga nimefumba macho: kuna gari la muundo mpya linakuja, tungoje. Picha yake aliipata kwenye kijitabu cha muuza magari wa Kampala, akatembea nacho mfukoni mpaka picha ikafutika, na bado alituonyesha. Wakurugenzi watatu walikuja wakangoja wakaondoka. Mimi niliolewa, nikazaa watoto wanne, muundo mpya haujafika. Nakiri nilimkasirikia. Nilikuwa nagonga ile mashine kwa hasira, nikijiuliza mtu mzima anaogopa nini gari.

Aprili mwaka huu Landrova ilikwama kwenye kilima cha Bududa ikiwa imebeba pampu. Siku tatu nzima. Afande alikaa kando yake akiwatazama kina mama wakishuka kuteka maji machafu mtoni, na kila aliyepita alimsalimu kwa heshima, ikamuuma kuliko matusi. Mwezi uliofuata muuza magari akaja, na makubwa haya, akaja na ule muundo mpya wenyewe! Afande akaupandisha kilima kilekile, pampu nyuma, birika kitini. Chai haikumwagika hata tone. Akaingia ofisini kwangu, akavua kofia, akaniambia niandike neno moja: Linunuliwe. Nikangoja aendelee. Akasema ni hilo tu, Maama, akatoka. Nililia palepale kwenye mashine, na anayetaka kunicheka anicheke.

Gari jipya liliingia tarehe 12 Juni. Jumatatu yake Landrova haikuwepo tena uani. Afande alilitazama doa la oili pale chini, akaingia kwenye gari jipya, akaenda kazini. Kwa wiki mbili hizi hajalisema vibaya hata mara moja, jambo lililotutia hofu sote. Kadija anasema hata chai anaiacha nusu.

Sasa Afande, nakugeukia wewe uliyekaa kiti cha mbele na karatasi hii mkononi. Barua ilisema gari livunjwe vipande. Bwana Wamboga ameisoma mara tatu, na hakuna mahali inaposema vipande viende wapi. Basi tumetii. Ilimchukua Mugweri siku mbili, mchana kweupe, na masanduku yaleyale mawili ya spana. Mlango wa kushoto unafunga jiko langu Nkoma. Boneti iko kwa mama mmoja pale sokoni, anaanikia maharage. Usukani uko chini ya meza ya mkurugenzi, ndiyo maana siku hizi anakaa upande. Injini iko Busiu kwa dada yake Mugweri, shamba unalijua. Na fremu tuliipakia lori ikarudi Bugembe, juu ya mtaro uleule. Ijumaa iliyopita, ulipokwenda huko kusalimia, ulivuka juu yake ukienda msikitini, Mugweri akiwa nyuma yako ameuma leso asicheke.

Chukua gunia lako, mzee wetu, upite nyumba kwa nyumba. Hakuna atakayeuza hata nati. Ahsante ni yetu kwako, kwa kila pampu uliyopandisha mlimani na kila mgonjwa uliyemteremsha bila kuombwa mara ya pili. Mungu awape wewe na Kadija afya, na siku ndefu za kunywa chai iliyojaa. Honi tumeitafuta mpaka tumechoka, haionekani. Hiyo itabidi uendelee nayo mwenyewe, nasi tukisikia nyuma yetu "Pisha, bwana, pisha!", tutapisha.