Turubai Nililolichana Mwenyewe

Wapendwa, anayenijua hana haja ya kuambiwa mimi ni nani. Asiyenijua, akitoka hapa kanisani asimame barabarani atazame foleni ya maroli yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Turubai lililotulia, lisilopigapiga upepo ukija, hilo nimeshona mimi. Shule niliishia darasa la nne, nikaanza na sindano ya kuazima. Leo dereva wa Kizambia akiona mshono wangu anasema "natotela", yaani ahsante, kabla hajauliza bei.

Ndugu zangu, sijisifu bure. Nataka mjue ni mwanaume wa namna gani aliyekuja kutetemeka.

Mke wangu alibeba mapacha. Daktari akatuambia wanatumia kondo la nyuma moja, na presha ya mama inapanda. Apumzike, asikose kliniki. Akamalizia: "Kichwa kikimuuma sana, au akianza kuona nyota machoni, msisubiri. Mleteni."

Nikamwita mama mkwe kutoka Isansa aje kumuuguza. Mnaijua desturi yetu: mimi na yeye hatutazamani. Nikimwona njiani naingia kwenye mibuni, naye anajifunika khanga. Tangu nioe nilimjua kwa kikohozi na visigino tu. Mnacheka, lakini nyie je? Basi, nyumba yangu ni kubwa, nani hajui, ila mgonjwa ni mmoja, na sote tulitaka kukaa karibu naye.

Nikafanya ninachokijua. Nikashona turubai la buluu, nikalifunga kwa kamba kuanzia dari hadi sakafu, likakigawa chumba. Huku kitanda na mimi, kule mkeka wa mama. Akitaka kumwogesha mwanawe anakohoa, nafungua kamba, natoka, ndipo anapita.

"Mama, mmeamkaje huko?"

"Tumeamka, baba. Mwanangu amekula?"

"Amekula ndizi."

"Muongo wewe. Harufu nasikia, kijiko sijakisikia."

Mke wangu anacheka huku ameshika tumbo.

Siku zile zilipita kama usingizi wa mchana. Ukungu unaingia dirishani, maroli yanakoroma kwa mbali, mwanga unapenya lile turubai na chumba chote kinakuwa kama kiko chini ya maji. Naweka kiganja tumboni. Mmoja anagonga huku, mwenzake anajibu kule, nami najiona kama ndiye ninayeelea mle ndani. Kazi niliisahau. Mimi! Mafundi wangu wakija kuniita, nawaambia waseme nimesafiri.

Asubuhi moja mke wangu akafumbua macho, akatazama dari, akatabasamu.

"Maua ya kahawa," akasema. "Yanadondoka, meupe. Huyaoni?"

Sikuyaona, lakini nilimwamini. Amekulia mibunini, nikadhani anaota kwao. Nikamuuliza, "Yananukia?" Na mimi, mtu mzima na ndevu zangu, nikafumba macho niivute ile harufu.

Nyuma ya turubai mama akauliza, "Anaona nini?"

"Maua ya kahawa, mama."

"Kahawa gani inachanua sasa hivi? Baba, hizo ndizo nyota za daktari!"

Kufumbua macho, mke wangu amekakamaa, meno yamebana, mwili unatikisika anataka kuanguka. Nikamkumbatia.

"Naingia!"

"Mama, nimo humu!"

"Si uwemo! Wajukuu utanizalia wewe? Fungua!"

Ndugu zangu, nawaambia, fundo ninalofunga mimi halifunguki kwa mkono mmoja, na mke wangu nisingeweza kumwachia. Nikachomoa kisu cha kazi kiunoni, nikalichana turubai toka juu hadi chini. Mama akatokea bila khanga usoni, na kwa mara ya kwanza nikamtazama. Ana mwanya. Mwanya uleule wa mke wangu! Miaka yote hiyo sikujua ulikotoka.

"Unanitazama nini? Mlaze ubavu!"

Ulipotulia ule mtikisiko, tukamlaza juu ya turubai jingine la kazini, majirani waliosikia kelele wakashika pembe, tukamwingiza kwenye gari langu. Njia nzima mama alikipakata kichwa chake, na mimi nikaendesha naomba kwa Kinyiha, maana Kiswahili kilinikimbia. Hospitali walimpokea, wakampasua. Wakatoka wawili, wadogo kama mahindi mabichi, lakini wanalia.

Mama yao alikuwa bado hajazinduka. Muuguzi akaniambia, "Baba, vua shati. Watoto wanataka joto la kifua." Nikamwonyesha kwa jicho kwamba mama mkwe yupo. Muuguzi akasema, "Na bibi naye ajiandae, wako wawili." Basi tukakaa tumeelekeana, mimi kifua wazi, yeye kajitanda khanga, kila mmoja na wake. Tukasinzia. Mke wangu alipozinduka alitutazama sana, akasema, "Hii nayo ni ndoto?" Mama akamjibu, "Lala. Mumeo ana kifua cha moto, hicho tu ndicho amejaliwa."

Nawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioshika zile pembe, na ninyi mliotuombea. Mama mkwe, nakuona pale nyuma, usijifunike. Kina baba, mke mjamzito akiona nyota, hata aziite maua, usikae kuuliza zinanukiaje. Washa gari.

Lile turubai bado linaning'inia, na mapacha wanalipita kwa kutambaa, huku na kule. Mshono wangu haujawahi kushindwa na upepo wala mvua, waulizeni madereva. Lakini pale nilipochana, sijashona, na sitashona.