Nusu Kilo ya Uongo

Ndugu waombolezaji, mimi ni dada wa marehemu, niliyemlea mgongoni, na familia imeniomba niwasomee historia yake, nami nitaisoma yote, hata pale inaponiumbua.

Mdogo wangu, fundi cherehani mliyezoea kumwita Kibiriti kwa ufupi wake, alizaliwa tarehe 9 Machi 1971, mtoto wa nne wa baba yetu muuza nafaka, akaachishwa ziwa akiwa na miezi kumi kwa kuwa mama alikuwa mjamzito tena, akaanza kuharisha na kukonda, ndani ya nyumba iliyojaa magunia, maana kinyozi hajinyoi. Kila mwezi mimi, msichana wa miaka kumi na mmoja, nilimpeleka kliniki, ambako muuguzi alitangaza kilo mbele ya foleni nzima, na kwa kuogopa tusichekwe, nilichukua jiwe la mizani la baba, la nusu kilo, nikalificha ndani ya nepi yake, muuguzi akanisifu, na unga wa lishe wakapewa watoto wengine walioonekana wepesi. Nilifanya hivyo miezi saba, mama akijua, akinyamaza.

Alianza shule mwaka 1979, akarudia darasa la tatu mara mbili, nasi tukamcheka kuwa ana kichwa kigumu, akamaliza darasa la saba mwaka 1987. Mwaka uliofuata alianza kujifunza ushonaji, akapigilia kipande cha ubao kwenye pedali ili mguu wake ufike, akawa fundi wa kutegemewa.

Alifunga ndoa tarehe 12 Juni 1998, wakajaliwa watoto watatu. Juzi wifi yangu alinisimulia kwamba kliniki marehemu aliwapeleka watoto mwenyewe, akiwavua kila kitu kabla ya kupimwa, hata soksi, nami nikaelewa kwamba alijua habari ya jiwe, pengine kwa mama, na miaka yote hiyo alinishonea magauni bila kunitupia neno.

Mwaka 2019 aligundulika kuwa na kisukari na shinikizo la damu, daktari akatuuliza kama utotoni alipata lishe ya kutosha. Alifariki tarehe 3 Februari 2023, saa nne asubuhi, hospitalini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotupikia, na mafundi wenzake waliomshonea suti ya leo bila kuhitaji kumpima.

Nisamehe, mdogo wangu. Leo wamekubeba kwa uzito wako mwenyewe, jiwe nimebaki nalo mimi. Wewe pumzika kwa amani.