Kaleb Shemweta na Mwamba wa Vugiri

Kaleb alizaliwa hapa hapa Vugiri tarehe 14 Machi 1951, akiwa kitinda mimba. Mimi Hosiana, dada yake, ndiye niliyembeba mgongoni, kwa hiyo haya ninayosema nayajua. Tangu mdogo alikuwa anaokota mawe na kuyapanga mlangoni, watu wanajikwaa.

Alianza shule mwaka 1959, akaendelea Korogwe, na mwaka 1972 serikali ikampeleka kusomea miamba.

Kuanzia 1975 hadi alipostaafu 2011 alipima miamba, na nyundo ya serikali mkononi, zaidi huko Handeni. Akija likizo alinieleza. Dunia mwanzoni ilikuwa inachemka yote. Ikapoa juu, ikashika utando. Utando ukazama, ukayeyuka tena, na kilicho chepesi kikapanda kikabaki juu, ndiyo nchi tunayolima. Na jiwe la mlima huu, alisema, lilipikwa chini kabisa, mbali kama kutoka hapa kwenda Korogwe, halafu likapanda polepole huku mvua ikila vilivyokuwa juu yake. Nikamwambia, "Wewe unanidanganya, nani aliona?" Akasema, "Dada, hata mimi sikuwepo." Akacheka sana.

Tarehe 22 Desemba 1979 alifunga ndoa na Janeth wa Kerenge. Siku alipokwenda kujitambulisha alipewa uji, hakunywa. Akawa anaugusa kwa kijiko.

"Baba, uji una nini?" mama mkwe akamuuliza.

"Mama, naangalia unavyoganda. Dunia ilianza hivi."

"Basi inywe hiyo dunia kabla haijapoa."

Alikunywa wote, na Janeth akapatikana.

Mwaka 2023 moyo ulianza kumsumbua. Alitibiwa, akapata nafuu, ugonjwa ukarudi. Alifariki alfajiri ya Jumanne tarehe 10 Juni 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa Janeth.

Mahali pa kuzikwa alichagua mwenyewe, kando ya mama yetu. Alisema, "Udongo hapa umeenda chini, dada, vijana hawatapata shida." Jana vijana wamechimba, hata kiunoni hawajafika, nyundo ya serikali yote ile ikawa imekosea. Mjukuu wangu Yordani akaja nyumbani ametota jasho.

"Bibi, tumegonga mwamba. Wazee wanasema tumshushe bondeni, kuna udongo laini."

"Bondeni kuna mama yake?"

"Hakuna, bibi."

"Basi gongeni."

Wakaniona nimeleta kiti nimekaa pale pale kando ya shimo. Wavunja kokoto wakaja kutoka Kerenge na tindo na mitaimbo, wakagonga mpaka jua likazama. Tunawashukuru, chai yao ipo. Na kaburi lipo pale alipotaka.

Ameacha mjane, Janeth, watoto wawili, Fausta na Abraham, wajukuu watano, na mimi dada yake.

Kaleb, lile jiwe limetoka mbali kwelikweli, limepanda mwendo wote ule likakukuta nyumbani. Lala salama ndani yake, mdogo wangu, upo karibu na mama.