Ng'ombe wa Kuazima

"Kitendawili," alisema Batuli, mchuuzi wa Kondoa, gari la moshi la Mjerumani lilipoiacha Ihumwa. "Kibuyu changu hakijai."

"Tumbo la mtoto," alijibu Loisi, amempakata mtoto wake wa nne. "Wangu wote wamelelewa na ng'ombe wa kuazima. Maziwa yetu, ndama wa mwenyewe. Sasa mwenyewe anataka kumuuza, alipe kodi ya nyumba."

"Na samli hiyo uliyobeba?"

"Ya kumshukuru mwenyewe, yuko Dodoma. Kisha nimwombe aniachie mpaka huyu aote meno."

"Akikataa, mwenzangu?"

"Samli hairudi nyumbani. Watoto wanne si haba."

Batuli akaguna. Mtoto alilala, asijue kesi ni yake.

Gari likasimama Dodoma.

"Tangulia na samli," alisema Batuli. "Mtoto nitambeba mimi."