Maziko Mawili ya Bwana Kesho

Mchungaji, wazee wa kanisa na wa kijiji, kina mama, wafanyakazi wenzake marehemu mliopanda kutoka Nakuru na matope yote haya, na nyinyi mliosimama nje ya ua kwa kukosa nafasi, nawasalimu kwa niaba ya nyumba ya baba yetu, hayati mzee arap Sigei, mimi ni Elijah Kipkoech, seremala, mtoto wa kwanza wa nyumba hii, na leo Jumamosi tarehe 11 Oktoba 1958 nimepewa kazi ya kusoma maisha ya ndugu yangu anayenifuata, Zakayo Kipkemei arap Sigei, ambaye wengi wenu mnamjua zaidi kwa jina la sinema, Bwana Kesho.

Kabla sijaendelea, mnaona wenyewe kwamba kifuniko cha sanduku kimewekwa juu tu, hakijapigiliwa misumari, na si kwamba seremala amesahau kazi yake, ni ombi la mama yetu, Rebeka Jepkosgei, yule aliyeketi pale upande wa kichwa, ambaye hajanyoa nywele za matanga wala kudondosha chozi tangu Alhamisi, kwa sababu anasema mwanawe atainuka, na hasemi atainuka siku ya mwisho kama tunavyoamini sisi sote, anasema atainuka leo. Mimi na mchungaji tumepatana naye kwamba misumari itapigwa nikimaliza kusoma, naye akakubali, akaniambia tu, "Basi usome polepole," kwa hivyo mtanivumilia.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1928 kwenye shamba la mzungu huko Njoro, ambako baba alichunga ng'ombe wa maziwa, akiwa wa pili kati ya watoto wanne, na wawili waliomfuata walichukuliwa na surua kabla hawajajua kutembea, ndiyo maana mama alimbeba Kipkemei mgongoni miaka mingi kuliko kawaida, hata kina mama wenzake wakawa wanamtania kwamba huyu atashuka siku ya kuota ndevu.

Alisoma shule ya misheni hapo Njoro kuanzia mwaka 1937 mpaka 1942, akafika darasa la sita, na kama kungekuwa na mtihani wa kuiga watu angekuwa wa kwanza kila mwaka, maana aliiga mwendo wa mwalimu akachapwa, kisha akaiga namna mwalimu anavyochapa, akachapwa tena, na darasa zima likalia kwa kicheko huku yeye akiwa amekunja uso kama mtu aliyefiwa. Uso huo ndio uliokuja kumlisha.

Mwaka 1943 aliajiriwa kukamua ng'ombe kwenye shamba lile lile, na mwaka 1948 akaenda Nakuru kuwa mpagazi wa reli, tukakaa chumba kimoja katika landhi za wafanyakazi, mimi nikiwa karakana ya mbao, na baba alipofariki mwaka 1949 tulirudi Njoro pamoja kumzika. Miaka miwili baadaye mama alipewa kipande cha shamba hapa Olenguruone, na hapa nitasema wazi lile ambalo watu hulisema kwa kunong'ona, kwamba wenyewe waliokuwa hapa mbele yetu waliondolewa na serikali, na mama alipoingia kwenye nyumba ile ya kwanza alikuta mafiga bado yana jivu, akalala nje na baridi yote ya Mau mpaka tulipomjengea nyingine. Tangu siku hiyo mama amekuwa mtu wa kusikiliza, anaweza kuacha kumenya viazi na kugeuza kichwa kama ameitwa.

Katika mwaka huo huo wa 1951, kwenye stesheni ya Nakuru, marehemu alikuwa akiwachekesha wapagazi wenzake kwa kuiga mzungu aliyepoteza mzigo, na pembeni alikuwa amesimama Bwana Kuriakose, Mhindi Mkristo kutoka Travancore, kusini mwa Bara Hindi, mpiga picha za sinema, ambaye kabla ya kuvuka bahari alikuwa mchekeshaji mwenye jina katika sinema za kwao, zinazozungumzwa Kimalayalam, na huyo mzee hakucheka hata kidogo, alimsogelea akamwambia, "Wewe utakuja kwangu Jumatatu." Tunaye hapa leo, ndiye yule mwenye mwavuli. Alimfundisha ndugu yangu kuanguka bila kuumia na kutembea kama viatu havimtoshi, na zaidi ya yote alimfundisha kwamba mchekeshaji ni lazima ahuzunike kweli, kwa sababu ukianza kucheka wewe, watu watanyamaza.

Kuanzia mwaka 1952 marehemu alicheza sinema fupi sita, zote akiwa yule yule Bwana Kesho, mvivu wa kofia kubwa ambaye akiitwa kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko anasema kesho, na akiambiwa aogeshe ng'ombe dawa ya kupe anasema kesho, na gari la sinema likazunguka nazo Rongai, Molo, Elburgon, Subukia, kote, likitandika shuka jeupe uwanjani na msemaji akieleza kwa kipaza sauti, na katika miaka ile ya Hali ya Hatari, ambapo watu waliogopana hata kwa jirani, ndugu yangu aliwafanya watu wacheke mahali pamoja. Hakuwa akipita Nakuru bila watoto kumfuata wakiita "Kesho! Kesho!", naye akivua kofia asiyokuwa nayo.

Tarehe 19 Desemba 1953 alifunga ndoa kanisani Nakuru na Chelagat, binti wa watu wa Londiani, aliyeketi hapa na watoto wao wawili, Jeruto aliyezaliwa Oktoba 1954 na Kiprugut aliyezaliwa Februari 1957, na ukweli ni kwamba Chelagat aliolewa naye kabla hajaona sinema yake hata moja, na alipoiona alimuuliza kwa nini nyumbani hayuko vile, kwa sababu ndugu yangu nyumbani alikuwa mtu wa kimya.

Sasa nimefika kwenye ile sinema ya nne, ambayo ndiyo sababu ya kifuniko kile. Ilipigwa picha Novemba 1954 huko Dundori, kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba ambayo ilikuwa tupu, maana wenyewe walikuwa wamepakiwa malori na serikali na kupelekwa vizuizini, akiwemo Mathenge, dereva wa kwanza wa gari la sinema, ambaye hatujapata habari zake mpaka leo. Katika hadithi, Bwana Kesho anajifanya amekufa ili asiende kuchimba matuta, mkewe anamlilia, majirani wanamweka sandukuni, na msumari wa kwanza ukigonga anasukuma kifuniko, anaruka na sanda yake, anakimbilia matuta na kuyachimba yote mpaka jua linazama. Marehemu aliniambia kwamba alipokuwa amelala ndani ya lile sanduku alisikia watu wakiitana kwa majina katika nyumba zile tupu, akadhani ni wenzake wanamchezea, na alipotoka akawakuta wote wako upande wa pili wakinywa chai.

Gari lilifika hapa Olenguruone jioni ya Ijumaa tarehe 15 Aprili 1955, na mama, ambaye alikuwa hajaona sinema maishani, alipelekwa na majirani aone mwanawe alivyo mtu mkubwa, wakamkalisha mbele kabisa. Akamwona Kipkemei anatembea, akamwita, hakuitikia, akamwona anaugua, akamwona amelala na macho yamefungwa na mwanamke asiyemjua analia juu yake, akaona kifuniko kinashushwa, na wakati huo huo mvua ya masika ikaangusha shuka, mashine ikazimwa, watu wakajifunika magunia na kukimbilia makwao. Wale waliomwambia ni mchezo tu, aliwauliza, kama ni mchezo mbona hakuinuka, na wao pia walikuwa hawajaona mwisho.

Mama alinyoa nywele siku iliyofuata, akatoa blanketi la Kipkemei akampa maskini, na kwa kuwa desturi yetu aliyekufa hatajwi ovyo, akaacha kulitaja jina lake, na barua tuliyomwandikia kama kawaida ilipofika akasema imeandikwa kabla ya kifo. Mimi nilikuwa nimepelekwa Kisumu kwa kazi ya reli, na marehemu mwenyewe alikuwa Subukia na gari, kwa hivyo Jumamosi tarehe 16 Julai 1955 alikuja nyumbani kwa raha zake, mkate mkononi na sukari mfukoni, akamkuta mama kichwa kimeanza kuota nywele fupi fupi, na mama hakupiga kelele, alisogea tu akaangalia chini kama mtu huyu ana kivuli.

Wazee waliona haifai mtu aliyekwisha kuombolezwa aingie nyumbani hivi hivi, wakachinja kondoo, wakampaka mafuta yake kifuani na kumwosha, wakamwambia mama amwite kwa jina, na ndiyo siku pekee niliyosikia ndugu yangu hakutafuta mzaha, alikaa pale chini, mtu mzima, akimtazama mama mdomo mpaka jina lilipotoka. Mwaka uliofuata Bwana Kuriakose alileta gari hapa kwa hiari yake ili mama aone sinema ile mpaka mwisho, mama akaja, lakini alikaa ameligeuzia shuka mgongo, akawa anawaangalia watu, na msumari ulipogonga na uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko, akamgeukia Chelagat akamwuliza, "Hawa wanacheka nini matangani?"

Tangu hapo kila marehemu alipokuja nyumbani mama alimshika mkono kwanza kabla ya salamu, akaukamata muda mrefu, akihakikisha una joto, naye Kipkemei alimwacha, na jambo hilo lilimkaa moyoni, akaniambia mara nyingi kwamba amewachekesha watu wa Bonde la Ufa wote ila mmoja. Inaniuma kusema, lakini nitasema, kazi ile ilimpa ndugu yangu jina na ikamnyang'anya mama yake.

Mwezi wa Mei mwaka huu alianza kukohoa, tukadhani ni baridi ya usiku wa sinema, na tarehe 2 Julai akalazwa hospitali ya Nakuru, wodi ya kifua, ambako shida ya kwanza ilikuwa kwamba wagonjwa walimtambua, kila akikohoa walicheka wakidhani anawafurahisha, mpaka muuguzi akawaomba wanyamaze, na yeye akamwambia muuguzi awaache, kwa kuwa wengi wao walikuwa na maumivu kuliko yeye. Tulimpeleka mama huko mwezi wa Septemba, akamshika mkono, akasema, "Una joto," na kwa mara ya kwanza alikuwa kweli na joto lisilokuwa la uzima. Mama alipotoka, Kipkemei alinivuta shati akaniambia, "Kaka, safari hii aone mpaka mwisho, usikubali mtu akate."

Alifariki Alhamisi tarehe 9 Oktoba 1958, saa kumi na moja jioni, akiwa na miaka thelathini, mkewe na mimi tukiwa hapo, na nimeambiwa na wenzake kwamba jioni hiyo hiyo, kabla habari haijawafikia, walikuwa Dundori wakionyesha ile sinema ya sanduku, na watu walicheka sana. Nilipomletea mama habari alikuwa anapepeta maharagwe, hakuacha, aliniambia, "Kipkoech, mwaka ule mlinionyesha nusu, na sasa mnanionyesha nusu tena, mimi nitangoja hiyo nyingine." Wengine wenu mlicheka asubuhi sanduku lilipoteremshwa kwenye gari, nimewasikia, wala siwalaumu, kwa sababu nyinyi pia mnangoja.

Familia inamshukuru daktari na wauguzi wa wodi ya kifua kwa kumhudumia usiku na mchana, inawashukuru majirani wa landhi waliomsaidia Chelagat na watoto, na hapa nyumbani inamshukuru Mama Chepkorir, aliyekamua ng'ombe wa mama siku zote tulizokuwa hospitali, inawashukuru wafanyakazi wa gari la sinema walioleta mwili bila kudai chochote, na Bwana Kuriakose, ambaye ametuahidi kwamba sinema ile ya nne haitaonyeshwa tena Olenguruone maadamu mama yu hai.

Mama, karatasi imeisha. Nimesoma polepole kama ulivyoniambia, na hakuna aliyekata, mvua haijanyesha, kila mtu yuko mahali pake. Njoo umshike mkono. Shika muda wote unaotaka, tutangoja, nyundo naweka chini.

Ndivyo ulivyo mkono wake, mama, ni wa baridi. Hakuna nusu nyingine.

Kipkemei, mwana wa Jepkosgei, mama amekuona mpaka mwisho. Pumzika kwa amani.